Fundi Aliyerusha Misiba

Tulimwita Fundi, basi. Pale Tabata ukimtaja Fundi bila kuongeza neno, mtu alikuuliza, "Wa misiba?" Ukiitikia, unaoneshwa nyumba. Mafundi wengine wote walikuwa na cha kuongezea: fundi bomba, fundi friji, fundi cherehani. Yeye aliachiwa neno zima peke yake.

Alikozaliwa na ukoo wake sitasimulia, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Alisema tu "kusini", akanyoosha mkono kuelekea ukutani. Nilifanya naye kazi miaka tisa, mie nikiwa mpiga picha wake, mwanamke pekee katika kazi ile kwa pande zetu. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona nikiwa upande mmoja wa waya na yeye upande wa pili.

Kazi yenyewe ilikuwa kurusha mazishi. Watu wana ndugu Kanada, Uingereza, Afrika Kusini, Uarabuni, na wengi hawawezi kuwahi kuzika. Basi familia inamwita Fundi. Mie nasimama karibu na kaburi na kamera, waya unatoka kwenye kamera yangu hadi kwenye kisanduku cheusi kinachotosha kubebwa kwapani, ambacho yeye alikiita geti. Geti linaipokea picha, linaikata vipande vidogo sana, linavipitisha kwenye mtandao kwa laini nne za simu kwa pamoja, na kule ng'ambo vinaungwa tena kuwa picha. Pembeni anakaa Fundi na kompyuta yake chini ya mwavuli. Kwenye kompyuta kuna ukurasa wa mipangilio: kila anakopeleka picha pana mstari wake na jina lake, na kila mstari una alama, kijani kama picha inapokelewa, nyekundu kama hakuna mtu.

Vipande vikipotea njiani picha inaganda. Ili visipotee, unaliambia geti lingoje kidogo kabla ya kuonesha, lipate muda wa kuviomba upya vilivyopotea. Muda huo vitabu vina jina lake, lakini Fundi aliuita subira. "Leo mtandao mbovu, nimeweka subira sekunde sita," ananiambia kwenye kisikilizio cha sikioni. Halafu siku moja, jeneza likiwa limeshafika chini, nikamsikia anasema taratibu, kama anaongea peke yake: "Sie tumeshazika. Wenzetu kule bado wanaye."

Maneno kama hayo hakuyasema kwa kutafuta sifa. Ukimwambia umependa alichosema alikasirika.

Alikuwa mkali. Washereheshaji wa misiba walimwogopa. Mshereheshaji mmoja wa Mwenge alipenda kusimama mbele ya kamera, na Fundi alitoka kwenye mwavuli, akamshika mkono mbele za watu, akamsogeza hatua tatu kama mtu anayehamisha kiti. Lakini bibi kizee akitaka kujua mjukuu wake wa Uingereza anaona au haoni, Fundi alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwonesha alama ya kijani, akamwambia, "Huyu hapa, bibi. Hii ndiyo yeye." Bibi akaishika ile kijani kwa kidole. Fundi, ambaye hakuruhusu mtu aguse kioo chake, akamwacha.

Mwenge hukohuko tulizika mchonga vinyago. Watoto wake wawili wakagombea kipaza sauti, mmoja akataja mambo ya mama mwingine, ngumi zikarushwa. Nikasikia sikioni: "Kamera, maua." Mie jina langu kwake lilikuwa Kamera. Nikageuza kwenye shada la maua, yeye akafunga sauti. Robo saa nzima dunia iliangalia maua. Baadaye binti wa marehemu akapiga kutoka Uingereza kushukuru, akasema baba yake kazikwa kwa utulivu mno. Fundi alicheka siku ile mpaka akavua miwani.

Haikupita wiki mbili familia moja ikamwomba apige picha karibu karibu ili ng'ambo wasijue waombolezaji ni wachache. Akakataa katakata. "Geti langu haliongopi."

Nikamwambia, "Na maua ya Mwenge, Fundi?"

"Maua si yalikuwepo?"

Ndivyo alivyokuwa. Mvua ikinyesha alivua koti akalifunika geti, yeye akalowa. Nyumbani kwake hakukuwa na runinga. Picha yake mwenyewe hakutaka ipigwe, nikielekeza kamera upande wake hata kwa bahati mbaya, nilisikia, "Huku hakuna msiba." Alinizoesha kwamba fundi haonekani. Nimesema alinizoesha, na neno hilo nitalirudia moyoni maisha yangu yote.

Kwenye simu hakuwa mtu wa maneno. Mtu aliyeunganisha koo nzima na ng'ambo, yeye na binti yake, Skola, aliyekuwa Maskati akifanya kazi za ndani, waliongea hivi:

"Umekula?"

"Nimekula, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, mama yako huyu."

Anampa simu Mama Skola, mke wake, halafu anakaa palepale akisikiliza saa nzima, akijifanya anafuta nyaya.

Mama Skola aliugua figo. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa, na akiwa mgonjwa alinikaribisha chai kana kwamba mgonjwa ni mie. Alifariki Jumatano. Skola alilia kwa bosi wake apewe pasipoti aje kuzika, bosi akakataa, akasema mkataba haujaisha. Kwa hiyo ikawa lazima azike kwa geti.

Jumamosi asubuhi, kabla hatujaenda makaburini Kinondoni, nilimfuata Fundi nyuma ya nyumba. Alikuwa kavaa suti nyeusi na kisanduku kiko kwapani.

"Fundi, leo kaa na familia. Geti nitaliangalia mie."

"Wewe unajua kupiga picha. Geti hulijui."

"Si utaniwekea tu, halafu niliache liende?"

"Likikatika?"

Kweli sikulijua. Miaka yote ile alilishika peke yake, na mie sikuwahi kuomba kufundishwa.

Mtandao siku ile ulikuwa mbaya kuliko siku zote. Laini mbili zilikufa tukiwa kanisani, ya tatu ikafa kaburini. Nilimsikia sikioni akihesabu vipande vinavyopotea, sauti yake imekauka. Padre alipofika kwenye udongo akaita, "Mume wa marehemu, tafadhali." Watu wakageuka kumtafuta. Fundi alikuwa umbali wa hatua kumi, kapiga magoti, kainua simu yenye laini ya mwisho juu ya kichwa. Akanyoosha mkono wa pili kumwomba padre asubiri. Padre akasubiri. Akaita tena. Mkono ule ule.

Basi kaka wa marehemu akachota udongo akautupa badala yake. Alimwangalia Fundi mara moja tu, na tangu siku ile hawakuongea tena.

Nami nilikuwa na kamera mkononi. Kugeuza ilikuwa nusu ya mzunguko wa bega. Ningemwonesha vile vile alivyokuwa, magotini, mkono juu, na kule Maskati ingeonekana. Sikugeuza.

Jumapili mchana Skola akapiga. Nilikuwepo, nimepeleka sufuria. Fundi akaweka simu mezani, sauti wazi.

"Baba, jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Sijakuona. Nimekutafuta picha nzima. Mjomba nimemwona. Majirani wote nimewaona, hata yule mzee wa genge nimemwona. Wewe sijakuona, baba."

"Nilikuwa nakurushia."

Nikadhani simu imekatika.

"Haya, baba," Skola akasema. Akakata.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na msiba Tabata Segerea. Nilipochungulia kompyuta ya Fundi nikaona ameongeza mstari wa pili chini ya ule wa familia. Jina: Skola. Geti likianza kurusha, linki inakwenda yenyewe kwenye simu za wote walioandikwa.

"Huyu marehemu Skola anamjua?" nikauliza.

"Hamjui. Lakini ataona watu. Kafungiwa ndani kule, haoni mtu. Ataona Tabata."

Mstari ule ukawa kijani dakika ya tatu. "Kafungua," akasema, na sijawahi kuona uso wake ukiwa vile tangu alipofiwa. Kuanzia hapo, kila Jumamosi, kila msiba tuliorusha, alimpelekea. Hakumwandikia chochote. Hakujua aandike nini. Alirusha tu. Miezi michache ya kwanza kijani iliwaka, wakati mwingine muda mrefu, wakati mwingine mara moja na kuzimika. Halafu ikawa nyekundu, na ikabaki nyekundu. Namba ya Skola ikawa haipatikani.

Hapo ndipo Fundi alipoanza kuisha. Alikwenda kwa wakala aliyempeleka binti yake, akakuta pale pamekuwa saluni. Akamwendea padre, akaenda ofisi moja na nyingine, kote akaambiwa asubiri. Akawa anamsimamisha kila mwanamke aliyerudi kutoka Uarabuni na kumwonesha picha. Alikuwa kasikia habari za mabinti wanaorudishwa ndani ya masanduku, na mtu mwenye kazi kama yetu hawezi kusikia habari hiyo akaisahau. Kazini hakukosea hata mara moja, ila aliacha kula kwenye misiba, na aliacha kuwakaripia washereheshaji. Hilo la pili ndilo lililonitisha.

Siku moja nikamwambia, "Fundi, huo mstari utoe. Hakuna mtu kule."

"Uache."

"Ni mwaka sasa."

"Nimesema uache, Kamera."

Kipindi hicho ndipo aliponifundisha geti. Hakunieleza sababu. Aliniweka kwenye kiti, akasimama nyuma yangu, akanionesha pa kuongeza subira, pa kupunguza uzito wa picha mtandao ukilemewa, pa kuangalia laini ipi inachoka. Nilikuwa mwanafunzi mzito, naye alikuwa mvumilivu kwa namna isiyo yake.

Msiba wa Temeke ulikuwa wa mama mmoja, wa familia tusiyoijua. Familia ilikuwa na mtoto Afrika Kusini. Tuliweka kamera uani, kwenye mahubiri. Nilikuwa nazungusha taratibu upande wa akina mama waliokaa mikekani, nikasikia sikioni:

"Baki hapo."

Nikabaki.

"Sogea kulia kidogo. Basi. Usihame."

Kwenye kioo cha kamera alikuwepo mwanamke mwembamba aliyejitanda khanga hadi kwenye paji, amemshika begani mwenzake anayelia. Ilinichukua muda. Alikuwa kapungua nusu ya mwili, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu la moto. Lakini alikuwa Skola. Yuko Temeke, kakaa mkekani, mzima.

Nikageuka kumtazama Fundi. Alikuwa kainama kwenye kompyuta, mikono magotini, uso karibu na kioo kiasi kwamba miwani ilikuwa inakaribia kugusa. Kutoka alipokaa hadi kwenye mkeka ule hazikufika hatua thelathini. Hakunyanyuka. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba mara mbili, nami nikamshika Skola kwenye picha muda wote huo, na yule mtoto wa Afrika Kusini aliyefiwa na mama bila shaka alijiuliza mwanamke huyu ni nani. Mara moja Skola aliinua macho. Aliona kamera, akafuata waya kwa macho hadi kwenye mwavuli. Akavuta khanga ikafunika uso.

Watu walipoanza kuinuka kubeba jeneza niliacha kamera kwenye stendi yake nikakimbia kumfuata Skola. Nilimkuta nje ya uzio, anatembea haraka.

"Skola! Skola mwanangu, ni mie."

Akasimama. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umerudi lini?"

"Mwaka na miezi."

"Mwaka! Baba yako anadhani umekufa. Amezunguka mji mzima na picha yako. Twende, yuko pale pale."

"Nimemwona. Na yeye kaniona, maana kamera haikunitoka. Si kakaa?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza kilichoko mbele yake. "Hata leo kakaa."

"Skola, mstari wako hajautoa mpaka leo. Kila Jumamosi anakutumia."

"Najua anatuma. Ndiyo maana nilibadilisha laini." Akatazama chini. "Shangazi, mie nilikuwa nalala jikoni. Simu naificha ndani ya unga. Kila Jumamosi inaita, linki ya baba. Nafungua, jeneza. Mara ya kwanza nilidhani ni jirani yetu wa Tabata kafa. Mara ya pili nikadhani ni mjomba. Natafuta sura, siwajui, nalia tu, naogopa nikikosa kufungua ndiyo itakuwa ya baba mwenyewe. Hakuna neno. Hakuna 'mwanangu, hujambo'. Jeneza, kila wiki. Siku niliyoungua huu mkono nilikuwa nakimbilia hiyo simu. Nikasema basi, bora nisijue."

Nilimwomba namba. Akakataa. Nilimwomba aniambie anapokaa, akasema yupo na wenzake, wanashona, asitafutwe. "Mwambie tu mie mzima," akasema, akaingia kwenye kichochoro.

Nilipomrudia Fundi alikuwa anakunja nyaya.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Mzima?"

"Mzima. Fundi, kwa nini hukunyanyuka?"

Alikunja waya mpaka ukaisha. "Ningenyanyuka angekimbia. Nilivyokaa nimemwona." Akafunga begi. "Wewe umenyanyuka. Yuko wapi?"

Hakuuliza Skola alisema nini, na mie nikashukuru kwamba hakuuliza.

Baada ya hapo hakurusha tena. Ugonjwa wa sukari ulimvimbisha miguu, akahama ile nyumba ya Tabata, akapanga chumba Vingunguti, nyuma ya machinjio, mahali ambapo kunguru hawanyamazi. Geti akaniachia mie. Nilikwenda Temeke mara tatu kumtafuta Skola nimwambie baba yake hana siku nyingi. Mara ya tatu wanawake wa pale wakaniambia kundi lile la washonaji limehama, na hakuna anayejua limekwenda wapi.

Mara ya mwisho nilipomtembelea ilikuwa adhuhuri. Alikuwa kitandani, kaegemea ukuta, mguu mmoja umefungwa bandeji ambayo hakutaka niiangalie. Nilitoka moja kwa moja kazini, kompyuta begani. Tuliongea habari za misiba kidogo, nani kazikwa, wapi mtandao mbovu. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Siku ile ya Temeke. Alisemaje?"

"Alisema nikwambie mzima."

"Hilo uliniambia. Mengine."

Nilijua ninaweza kusema hakuna mengine. Miaka tisa nimekuwa jicho la mtu huyu, na mara moja tu, siku aliyohitaji, nilimwacha nje ya picha. Nikaona nimwombe Mungu ujasiri. Nikamwambia yote: unga, simu, majeneza, woga wa kila Jumamosi, mkono ulioungua. Sikupunguza.

Kunguru walikuwa wanagombania kitu juu ya bati.

"Mie nilikuwa namwonesha nyumbani," akasema.

"Najua, Fundi."

"Watu wakiwa wengi. Wamevaa vizuri. Wanaimba. Nilisema ataona, atajisikia yuko na sie." Akavua miwani. "Sikuliona jeneza, Kamera. Miaka yote mie jeneza nilikuwaga silioni tena. Naona watu tu."

Nilitaka kumshika mkono, sikujua kama angetaka.

"Hiyo kompyuta unayo hapo?"

"Ninayo."

"Fungua mipangilio. Mtoe."

Nikafungua ukurasa. Mstari wa Skola ulikuwa chini kabisa, mwekundu. Nikagusa pa kufuta, ukurasa ukauliza kama nina uhakika. Nikainua macho. Alikuwa ananiangalia mie, si kioo.

"Bonyeza."

Nikabonyeza.

"Umetoka?"

"Umetoka, Fundi."

Akaitikia kwa kichwa. Akavuta shuka, akafunika miguu, akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri, hakugeuka tena, na mie nikachukua begi nikaondoka kwa sababu kesho yake nilikuwa na msiba Tabata, na ilibidi nikaupime mtandao wa huko.